Jicho la Mbuzi Si Jicho la Mtu

Nasema na wewe popote unaponisikia: Vwawa, Mlowo, Itumba kule Ileje, Mkwajuni, Kamsamba, na wewe dereva uliyezima injini kwenye foleni hapa Tunduma ukingoja zamu yako ya kuvuka kwenda Nakonde. Sogea karibu na redio. Leo tuna mazungumzo ya macho. Siyo macho ya hospitali wala ya miwani. Tunazungumza juu ya macho ya wanyama, na namna ya kuyachora kwa penseli mpaka anayetazama aseme, huyu mnyama ananiangalia.

Nimelichagua jambo hili kwa ajili ya vijana. Mkoa wetu wa Songwe bado mchanga, ulianzishwa mwaka 2016 tulipotengwa na Mbeya, lakini vijana wanaopenda kuchora tunao tele. Fungua daftari la mwanafunzi ukurasa wa nyuma kabisa, utakuta humo ng'ombe, simba, tai, hata farasi ambaye mwenyewe hajawahi kumwona. Na wanajitahidi kweli. Mwili umekaa, miguu imekaa, pembe zimekaa. Ukifika kwenye jicho, kazi yote inaharibika. Wengi huniuliza: "Mwalimu, mbona wangu anafanana na katuni?" Nami huwauliza: hilo jicho ulilomwekea ni la nani?

Swali hilo ndilo mazungumzo yetu ya leo. Jicho ulilomwekea ni la nani?

Tutembee kidogo mjini. Pita kwenye mabucha, pita kwenye maduka ya dawa za mifugo. Ukutani kuna ng'ombe, mbuzi, kuku, wamechorwa kwa rangi ya mafuta na fundi wa mabango. Simama mbele ya ng'ombe mmoja umtazame usoni. Mara nyingi utakuta jicho lenye umbo la jani, limechongoka pande mbili, duara jeusi katikati, weupe kulia, weupe kushoto, na juu yake nyusi. Jamani, ng'ombe ana nyusi? Hilo ni jicho la mtu. Fundi hakukosea kwa uvivu. Tangu tukiwa mgongoni mwa mama tunatazama macho ya watu: tunatafuta humo hasira, upendo, ruhusa. Tumeyatazama mno hata mkono umeyakariri. Ukiuambia mkono "chora jicho", unachora lile ulilolikariri, awe mbele yako ni mbuzi au mamba.

Kwa hiyo jambo la kwanza, nami nitalirudia mpaka tumalize: kila mnyama na jicho lake.

Kabla sijaendelea, nataka niseme neno juu ya Edward Saidi Tingatinga, maana najua kuna msikilizaji anamfikiria. Mzee huyu alizaliwa mwaka 1932 kule Tunduru, akaanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli kwenye vipande vya hadibodi, na mwaka 1972 akafariki. Miaka minne tu, na jina lake limeenea dunia nzima. Chui wake na ndege wake wana macho ya mviringo, makubwa, yenye nukta katikati, na hayafanani na jicho la chui yeyote aliye porini. Je, alikosea? Hapana. Alichora pambo, alichora hadithi, na jicho lile linaipa hadithi uchangamfu wake. Anayetaka njia hiyo aifuate kwa heshima zote. Leo nasema na yule anayetaka njia nyingine, ya kuchora mnyama kama alivyo. Njia hiyo nayo ina adabu zake.

Sasa, mwalimu wako yuko wapi? Yuko nyuma ya nyumba, amefungwa kamba, anatafuna. Mbuzi.

Nakuomba kesho, saa nne asubuhi jua likiwa limepanda lakini halijawa kali, uende ukakae karibu na mbuzi. Usimkimbilie. Kaa chini, mpe majani, mwache akuzoee. Ukimtazama kwa ubavu, karibu kabisa, utaona kwanza duara la rangi: mara nyingi manjano ya asali, wengine kahawia, wengine kijivu. Katikati ya duara hilo kuna mboni nyeusi, na hapo ndipo watu wengi hushangaa. Mboni ya mbuzi haiko duara. Imelala, ni pana kama mstatili uliochakaa kwenye pembe zake. Jua likiwa kali inajibana mpaka inakuwa ufa mwembamba uliolala. Jioni inapanuka, inanenepa, karibu ijaze jicho. Mbuzi yule yule, jicho lile lile, saa mbili tofauti, michoro miwili tofauti.

Kwa nini imelala? Mwaka 2015 Martin Banks na wenzake wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Marekani, walitoa utafiti waliolinganisha mboni za wanyama wa nchi kavu zaidi ya 200. Waliona kwamba wanyama wanaoliwa, wanaoishi kwa kuwahi kumwona adui, mara nyingi wana mboni zilizolala. Mboni iliyolala inamfungulia mnyama upeo wote wa ardhi, mbele, ubavuni, karibu mpaka nyuma, na inapunguza mwanga mkali wa jua la utosini. Wale wanaovizia, wafupi, wanaotembea karibu na ardhi kama paka, wengi mboni zao zimesimama wima. Wakubwa wanaokimbiza windo, kama simba, mboni zao ni duara.

Na sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo mchoraji anapopata faida. Mbuzi akiinamisha kichwa kula majani, unadhani mboni yake inainama pamoja na kichwa? Ungetegemea isimame wima, sivyo? Haisimami. Jicho lake linazunguka ndani ya tundu lake, na mboni inabaki imelala sambamba na ardhi. Kichwa kimeinama, mboni haijainama. Banks na wenzake waliyaona haya kwa mbuzi na kondoo, na wewe unaweza kuyaona nyuma ya nyumba yako bila mashine yoyote. Kwa hiyo ukichora mbuzi anayekula, usiigeuze mboni ifuate pua. Iache ifuate ardhi. Mstari huo mmoja utamfanya mfugaji wa Momba asimame mbele ya mchoro wako aseme, huyu kijana anawajua mbuzi.

Unaona basi? Kila mnyama na jicho lake, na jicho linafuata maisha ya mnyama.

Ng'ombe naye mboni yake imelala, lakini duara la rangi ni kahawia iliyokolea kiasi kwamba kwa mbali huoni mboni, unaona jicho jeusi lote. Usilazimishe kuitenganisha kwa mstari. Iache izame gizani. Weupe wa jicho la ng'ombe aliyetulia hauonekani sana. Ukionekana wote, ujue ameshtuka, ametiwa kamba mnadani au ameona mbwa. Kijana anayechora weupe pande zote mbili anachora ng'ombe mwenye hofu, wakati alitaka ng'ombe wa amani.

Kuku mboni yake ni duara, imezungukwa na rangi ya machungwa au nyekundu, na ngozi ya kandokando ina mikunjo midogo midogo isiyo na manyoya. Akifumba jicho, ukope wa chini ndio unaopanda juu, kinyume na sisi. Kuku anafaa sana kwa mazoezi kwa sababu kichwa chake kinasimama kabisa kati ya hatua na hatua. Ni kitambo kifupi, lakini kinatosha kukamata umbo. Paka wa nyumbani mboni yake imesimama wima. Mamba wa Ziwa Rukwa vilevile. Simba na chui, duara. Nyoka nao wamegawanyika: kifutu ana mboni iliyosimama, koboko ana mboni ya duara, na wote wawili wanaua. Nalisema hili kwa makusudi kwa sababu kuna watu wanaamini unaweza kumjua nyoka mwenye sumu kwa jicho. Usijaribu. Huyo mchore kutoka kwenye picha.

Sasa twende kwenye penseli. Unahitaji nini? Penseli ya HB ya dukani inatosha kuanzia, na ukipata 4B au 6B kwa ajili ya giza, ni bora zaidi. Ichonge kwa wembe ncha iwe ndefu. Raba ikate kwa pembe, upate ncha kali. Karatasi nyeupe isiyo na mistari. Kijikaratasi ulichoviringisha kikawa kama sigara kitakusaidia kusambaza kivuli. Huna penseli laini? Mkaa wa jikoni unatoa weusi mzuri kuliko penseli nyingi.

Anza kwa mahali, siyo kwa jicho. Jicho liko wapi kwenye kichwa? Kwa mbuzi na ng'ombe liko ubavuni, juu, mbali na pua, karibu na mzizi wa pembe na sikio. Vijana wengi hulisogeza mbele kwa sababu jicho la mtu liko mbele. Pima kwa penseli: kutoka puani hadi kwenye jicho ni umbali gani, na kutoka kwenye jicho hadi sikioni ni umbali gani? Jicho zuri lililokaa pabaya haliponi kwa kivuli chochote.

Halafu chora umbo la kope kwa wepesi kabisa, weka duara la rangi, weka mboni. Na hapo hapo, kabla hujatia giza lolote, tenga mahali pa mwanga. Nasema tena: tenga mahali pa mwanga kabla ya giza. Ile nukta nyeupe inayong'aa kwenye jicho ndiyo inayoliletea uhai. Ni nini ile? Ni jua, au dirisha, au anga, limejiona kwenye unyevu wa jicho. Jicho lina utando angavu mbele yake, konea, uliotuna na uliolowa machozi, nao unarudisha picha ya kilichoko mbele yake. Ukiwa umekaa mbele ya ng'ombe uwanjani, sogea utazame ndani ya jicho lake: utaona anga imejipinda juu, ardhi imejipinda chini, na umbo lako mwenyewe dogo limesimama katikati. Usichore yote hayo. Chora nukta moja yenye umbo lake halisi, nayo ipite juu ya mboni na juu ya duara la rangi bila kujali mpaka, kwa sababu iko juu ya utando. Haiko ndani ya mboni. Wengi huiweka katikati ya mboni kama kifungo, na jicho linakuwa la mdoli.

Hapo kwenye mwanga pana jambo jingine, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Mwanga ukiingia jichoni kutoka juu kushoto, nukta inayong'aa inakaa juu kushoto. Lakini duara la rangi linang'aa zaidi wapi? Upande wa pili, chini kulia. Mwanga unapenya konea, unatua upande ule wa ndani. Kwa hiyo sehemu iliyo karibu na nukta ifanye nyeusi, na sehemu iliyo mkabala nayo ifanye nyepesi. Juu kabisa, chini ya ukope wa juu, tia kivuli, kwa sababu ukope una unene na kope zake ni ndefu, vinalitia jicho kivuli. Mwanafunzi akitia kivuli hicho cha ukope kwa mara ya kwanza, utamwona anavuta pumzi. Jicho lililokuwa bapa karatasini linatuna, linakuwa tufe.

Ukope wa chini nao una ukingo, mwembamba, umelowa, unapokea mwanga. Uachie mstari mweupe mwembamba. Kisha manyoya: tazama yanaelekea wapi. Kuzunguka jicho manyoya hayalali upande mmoja. Yanatawanyika kutoka kwenye jicho kwenda nje, yanapinda kufuata mfupa. Vuta penseli kuelekea yanakoelekea, mafupi karibu na jicho, marefu kadiri unavyokwenda mbali.

Kuna wanaouliza: je, nisiende tu machinjioni, nikapate kichwa nikitazame kwa utulivu? Kwa kujifunza mfupa na tundu la jicho, nenda, mwombe mchinjaji, atakuruhusu. Kwa jicho lenyewe, hapana. Mnyama akishakufa machozi yanakauka, konea inafifia inakuwa na ukungu, na ile nukta ya mwanga inapotea. Utajifunza umbo, utakosa uhai.

Na picha za simu? Picha inasaidia, sikatai. Simba hatuna uani, faru hatuna. Lakini picha imeshachagua saa, imeshachagua upande, na mara nyingi imechukuliwa kwa mwanga wa simu yenyewe, jicho likatoka linawaka kijani. Mmewahi kuona usiku kwenye barabara ya Mbeya, taa za lori zikimpiga paka au ng'ombe, macho yanawaka kama kaa la moto? Nyuma ya jicho lao kuna utando unaorudisha mwanga, unaowasaidia kuona gizani. Mbuzi anao, mbwa anao. Mtu hana, na nguruwe hana. Ukinakili picha ya namna hiyo kwenye mchoro wa mchana, mnyama anakuwa jini. Kijana asiyewahi kukaa na mnyama hai hawezi kujua picha inamdanganya wapi.

Kuna Mjerumani mmoja, Wilhelm Kuhnert, aliyezaliwa mwaka 1865. Aliifikia nchi yetu kwa mara ya kwanza mwaka 1891, enzi za ukoloni wa Wajerumani, akarudi tena na tena kuchora simba, tembo na nyati papo hapo porini, kisha akaenda kwao kufanya michoro mikubwa ya rangi. Alikuwa mwindaji pia, na baadhi ya wanyama aliowachunguza aliwaua mwenyewe, hilo silisifii. Ninachokitazama ni hiki: wachoraji wengi wa zama zake Ulaya waliwachora simba wa bustani za wanyama, waliozeeka nyuma ya nondo. Yeye aliona hiyo haitoshi, akapanda meli, akatembea kwa miguu na wapagazi miezi na miezi, ili amwone mnyama kwenye mwanga wake mwenyewe. Mtoto wa Ndalambo anao mwanga huo bure, na ng'ombe ndani yake, kila siku akitoka shule. Inaniuma ninapomwona amejifungia ndani ananakili farasi wa Ulaya kwenye simu.

Tena tazama kinachotokea kwenye mabango yetu. Siku hizi bucha nyingi zinabandika mabango ya kuchapwa, na ng'ombe aliyemo ni yule wa madoa meusi na meupe, asiye na nundu, ameokotwa kwenye intaneti. Ng'ombe wetu wa asili ana nundu, ana shingo yenye ngozi inayoning'inia, na kuzunguka macho wengi wana ngozi nyeusi kana kwamba wamepakwa wanja. Nani atamchora huyo kama siyo sisi? Fundi wa mabango anayeweza kumchora ng'ombe wa Kamsamba kwa jicho lake halisi ana kitu ambacho mashine ya kuchapa haina.

Ukitaka kuona kazi ya jicho iliyofanywa na mikono ya mabingwa, huhitaji jumba la makumbusho. Mji huu wa Tunduma, ulio mpakani, unaishi kwa shilingi na kwacha. Toa noti ya shilingi elfu mbili, umtazame simba. Wewe unayeendesha, subiri ufike. Kisha elfu tano umtazame faru, na elfu kumi umtazame tembo. Na ukiwa na kwacha, kuna tai. Chukua kioo cha kukuzia. Utaona vistari, vingi, vyembamba, na baadhi unavisikia hata kwa kidole. Giza limepatikana kwa kubananisha vistari, mwanga kwa kuviachanisha. Nakili jicho la tembo kwenye karatasi, likuze liwe kubwa kama kiganja chako. Ni zoezi zuri la jioni, mbuzi wakishalala.

Nimebakiwa na dakika chache, nijibu swali ambalo huulizwa sana: nianze na rangi au penseli? Anza na penseli. Rangi ya jicho la mbuzi ni nzuri, itakuvuta, lakini ukiweka manjano kabla hujajua giza linakaa wapi, utapata duara la manjano basi. Ukishaweza kulifanya jicho lilowe kwa penseli peke yake, rangi haitakusumbua.

Na swali la pili: nichore macho yote mawili? Kwa mbuzi na ng'ombe anayeonekana kwa ubavu utaona moja tu, na hilo ni nafuu kwako. Akigeuka akakutazama, jicho la mbali linapungua upana, nusu yake inafichwa na mfupa wa uso, na nukta ya mwanga inabaki upande ule ule kwenye macho yote mawili, kwa sababu jua ni moja. Wengi huziweka nukta zikitazamana, moja kulia, moja kushoto. Kaguaneni michoro yenu kwa hilo kwanza.

Walimu wa shule za msingi mnaonisikia, nawaombeni: kipindi cha kuchora mara moja moja kifanyikie nje, penye mifugo. Na wazazi, mkimkuta mtoto amekaa kimya mbele ya mbuzi na daftari magotini, msimtume dukani mpaka amalize jicho.

Juma lijalo, saa hizi hizi, tutazungumza juu ya pua na midomo, na namna manyoya meupe yanavyochorwa kwenye karatasi nyeupe.